Dakar si Mbali Kuliko London

Kutoka Dar es Salaam hadi Dakar, mji mkuu wa Senegal, ni yapata kilomita 6,650 kwa njia ya anga iliyonyooka. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni yapata kilomita 7,500. Tunaanza na tarakimu hizi mbili kwa sababu watu wengi wakiulizwa ni mji upi ulio karibu zaidi nasi, husita kidogo, kisha hujibu kwamba ni London. Hawakosi kwa ujinga. Wanajibu kwa kadiri ya uzoefu wao, maana anayekwenda London hupata njia nyingi na nyepesi, hali anayekwenda Dakar hana ndege hata moja ya kumtoa hapa na kumfikisha huko moja kwa moja.

Yafaa kwanza tueleze umbali huu hupimwaje, maana ramani ya ukutani huwapotosha wengi. Ramani ni karatasi bapa na dunia ni tufe. Anayetaka kuijua njia fupi ya ndege na achukue tufe kama lile linalowekwa juu ya meza ya mwalimu wa jiografia, abane uzi kwa kidole juu ya Dar es Salaam, auvute mpaka Dakar na kuukaza. Uzi ule utapita juu ya bara letu wenyewe, ukivuka Burundi, Kongo zote mbili, Kameruni, Nijeria, Benin, Togo na Ghana, kisha Mali, na kuingia Senegal kutokea mashariki. Nusu ya njia itaangukia Kameruni, si mbali na mji wa Yaoundé. Hautagusa bahari ila pale Dakar kwenyewe, ambako nchi kavu ya Afrika hukomea magharibi. Tumependa kuitaja miji na nchi hizi moja moja kwa sababu tutazirudia hapo mbele.

Ndege kubwa za abiria za siku hizi huenda mwendo wa kilomita 850 hadi 900 kwa saa zikiwa zimekwisha panda juu. Ukiongeza muda wa kupaa na wa kushuka, safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Dakar ingekuwa ya saa nane na dakika kadhaa. Ndege zenye uwezo huo zipo, tena tunazo. Boeing 787-8, ambayo shirika letu la Air Tanzania lilipokea ya kwanza mwezi wa Julai 2018, ina uwezo wa kuruka zaidi ya kilomita 13,000 bila kutua. Kwa mashine ile, Dakar ni nusu ya uwezo wake.

Liko pia jambo la saa, ambalo limewatatiza wasafiri wengi. Senegal iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwetu inapokuwa saa sita mchana, Dakar ni saa tatu asubuhi. Abiria ambaye angeondoka Dar es Salaam saa mbili asubuhi na kukaa hewani saa nane angefika Dakar saa saba mchana ya huko, na akiitazama tiketi yake angedhani amesafiri saa tano tu. Akirudi kwa ndege ya saa mbili asubuhi ya Dakar, angetua kwetu saa moja usiku, na tiketi ingemwambia kwamba amesafiri saa kumi na moja. Ndege ni ile ile na njia ni ile ile. Aidha, tiketi huandikwa kwa hesabu inayoanza usiku wa manane, na Mswahili huhesabu tangu kuche. Kwa hiyo ile 08:00 ya kwenye tiketi ndiyo saa mbili yetu. Wapo walioachwa na ndege kwa kutolijua hili, nasi hatuoni aibu kulieleza katika safu hii.

Hiyo ndiyo safari kama ilivyopasa kuwa. Sasa tuitazame kama ilivyo.

Msafiri mwenye bahati hupitia Addis Ababa. Hutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini kilomita 1,760, akangoja, kisha akakata kwenda magharibi kilomita 6,100. Jumla ni kama kilomita 7,860, yaani ziada ya 1,200 hivi. Hiyo si njia mbaya, na wa kushukuriwa ni Waethiopia, ambao shirika lao liliziunganisha Afrika Mashariki na Afrika Magharibi tangu mwaka 1960, lilipoanza kwenda Accra na Monrovia wakati nchi nyingi za bara hili zilikuwa bado hazina hata bendera. Lakini si kila siku na si kila saa msafiri huipata nafasi hiyo, wala si kila nauli humfaa. Asiyeipata hupitia Istanbul, na njia yake huwa kilomita 10,750. Au hupitia Paris, kilomita 11,400. Au hupitia Dubai, ambako mtu anayetaka kwenda machweo ya jua huanza kwa kubebwa kilomita 4,000 kuelekea kaskazini-mashariki, kisha hugeuzwa na kurudishwa kilomita 7,600 hadi alikokusudia. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 11,500, na saa za hewani peke yake hufika kumi na nne au zaidi, mbali na zile za kukaa kwenye benchi la kiwanja cha watu akilinda begi. Isitoshe, raia wa baadhi ya nchi za Afrika hudaiwa viza na nchi za Ulaya kwa kupita tu kiwanjani, katika nchi ambayo hawana haja nayo.

Hapa tunakumbuka jambo tulilofundishwa chuoni tungali watoto. Vitabu vya fiqhi ya Kishafii hupima safari kwa marhala, na marhala ni mwendo wa siku moja. Msafiri akikusudia marhala mbili ameruhusiwa kupunguza sala. Mwanafunzi mtundu hakukosa kuuliza: je, mtu akiikata masafa hiyo kwa saa moja? Jibu la wanazuoni lilikuwa kwamba hukumu hufuata masafa, haifuati muda. Hata akifika kwa saa moja, yeye ni msafiri. Wazee hao walijua mapema kwamba masafa ni kitu kimoja na muda ni kitu kingine. Masafa yamewekwa na Mwenyezi Mungu, wala hakuna mkutano wa mawaziri utakaoisogeza Dakar hata kwa shubiri moja. Bali muda, kwa sehemu kubwa, huwekwa na wanadamu.

Mkoa wetu unayo historia inayohusu jambo hili. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika Moroko, alifika Kilwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Miaka ishirini na moja baadaye, mwaka 1352, msafiri huyo huyo aliwasili katika ufalme wa Mali wakati wa Mansa Sulaiman. Mtu mmoja aliiona Kilwa na akaiona Mali, na akaandikisha habari za kote kuwili. Lakini hakutoka Kilwa kwenda Mali. Alitoka Kilwa akarudi Uarabuni kwa jahazi, akazunguka dunia, akarejea kwao Moroko, ndipo akalivuka jangwa la Sahara kuelekea kusini. Waislamu wa Kilwa na wa Mali walikuwa na mahali pamoja pa kukutania, napo ni Makka, nje ya bara lao. Leo ni karibu miaka mia saba, na mtu wa Kilwa anayekwenda Dakar hupita Ghuba ya Uajemi au Uturuki. Tofauti ni kwamba Ibn Battuta alizuiwa na misitu, mito na jangwa, na ndege hupita juu ya vyote hivyo.

Basi kizuizi ni nini? Sehemu yake ni urithi. Wafaransa walifungua njia ya ndege za barua kutoka Toulouse, iliyofika Dakar mwaka 1925. Waingereza walifungua yao kutoka London, iliyofika Mwanza mwaka 1931 na Cape Town mwaka 1932. Mwaka 1937 ndege zao zilizokuwa zikitua majini zilianza kupita pwani yetu kutoka Southampton kwenda Durban, na moja ya vituo vyake ilikuwa Lindi. Naam, Lindi hii hii. Kuna wazee wetu waliowahi kuiona ndege ikitelemka bandarini kama bata. Barua ya kutoka Lindi iliweza kufika Uingereza kwa siku chache, lakini mstari wa kuiunganisha Lindi na Dakar haukuwa na faida kwa mkoloni yeyote kati ya hao wawili. Kila mmoja alijenga ngazi ya kutoka nyumbani kwake hadi shambani kwake. Hakuna aliyejenga ujia kati ya shamba na shamba.

Baada ya uhuru Waafrika walijaribu. Mwaka 1961 nchi kumi na moja zilizotawaliwa na Wafaransa zilitia saini mkataba wa kuunda shirika moja la ndege, Air Afrique, na zilitia saini hiyo Yaoundé, mji ule ule ulio karibu na nusu ya njia yetu. Sisi wa upande huu tulikuwa na East African Airways, iliyoanza mwaka 1946. Hiyo ya kwetu ilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, na ile ya wenzetu ilifilisiwa mwaka 2002. Hatutaki kufukua makaburi hapa. Twataka tu isisemwe kwamba jambo hili halikuwahi kufikiriwa.

Lakini sehemu kubwa zaidi ya kizuizi ni sheria, na wananchi wengi hawaijui kwa kuwa haionekani kwa macho. Tarehe 7 Desemba 1944, vita vikiwa havijaisha, mataifa yalitia saini mjini Chicago mkataba wa usafiri wa anga. Mkataba huo unasema kwamba kila nchi inamiliki anga iliyo juu ya ardhi yake, na kwamba hakuna ndege ya ratiba itakayoingia kuchukua au kushusha abiria bila ya ruhusa ya nchi hiyo. Ndiyo sababu nchi hukaa mbili mbili na kuandikiana mikataba: ndege zako zije mara ngapi kwa wiki, zitue wapi, zibebe nani. Katika lugha ya wataalamu ruhusa hizi huitwa uhuru wa anga, nazo huhesabiwa kwa namba. Wa kwanza ni kupita tu juu. Wa pili ni kutua kwa mafuta au matengenezo. Wa tatu na wa nne ni kupeleka abiria kutoka kwenu na kuwarudisha. Wa tano ndio wenye utamu: ndege ya kwetu, ikiwa njiani kwenda Senegal, itue Nijeria, ishushe watu, ichukue Wanijeria wanaokwenda Dakar, na iendelee.

Bila uhuru huo wa tano, safari ya Dakar haiwezi kujilipa, na hapo ndipo tunapokubaliana na wakosoaji. Ndege yetu ya Boeing 787-8 ina viti 262. Hakuna mwenye akili atakayedai kwamba kila wiki wapo watu 262 wa hapa wenye haja ya kwenda Dakar na 262 wa huko wenye haja ya kuja kwetu. Anayeitaka ndege ya moja kwa moja leo, kwa ajili ya fahari ya kuona jina la Dakar kwenye ubao wa kiwanja, anataka Serikali isafirishe viti vitupu kwa fedha za walipa kodi. Sisi hatulitaki hilo.

Tunalolitaka ni lile ambalo ramani inalionyesha. Tulisema uzi wetu unapita juu ya Nijeria. Sasa mtu apime: Dar es Salaam hadi Lagos ni kilomita 4,250, na Lagos hadi Dakar ni kilomita 2,400. Jumla ni kilomita 6,650, yaani karibu sawa kabisa na njia iliyonyooka. Anayetua Lagos akiwa safarini kwenda Dakar hajapinda njia. Na Lagos si mji mtupu. Ni miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Afrika, na biashara yake na Accra, Abidjan na Dakar ni ya kila siku. Ndege yoyote ya kwetu inayofika Ghuba ya Guinea imekwisha kata karibu theluthi mbili ya safari. Kinachobaki ni kalamu.

Na kalamu hiyo imekwisha chovywa wino zaidi ya mara moja. Mwaka 1988 mawaziri wa Afrika walikutana Yamoussoukro katika nchi ya Kodivaa na kutangaza nia ya kufunguliana anga. Mwaka 1999 walirudi mji ule ule na kutoa uamuzi wenye nguvu ya sheria, unaoutaja waziwazi huo uhuru wa tano. Mwezi wa Januari 2018, mjini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulizindua soko moja la usafiri wa anga, nchi 23 zikiwa zimejiunga siku ile, na nyingine zimefuata. Kutoka tangazo hadi uzinduzi ni miaka thelathini. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tangazo alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na abiria wa Dakar bado anapitia Dubai.

Hofu inayozikawiza nchi nyingi tunaielewa, na si haki kuidharau. Mwenye shirika dogo huogopa kwamba akifungua mlango, shirika kubwa la jirani litaingia na kumwachia mabua. Nasi tunalo shirika letu, ambalo mwaka 2002 liliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa shirika la Afrika Kusini, na mwaka 2006 ubia huo ukavunjwa. Yaliyopita yametufundisha tahadhari. Ila tuulize: je, huo mlango tulioufunga umewazuia wakubwa? Abiria wa Dar es Salaam kwenda Dakar wanabebwa sasa hivi na mashirika ya nchi zisizo za Afrika, na nauli yao inakwenda huko. Tumemfungia jirani asile, na mgeni anakula. Anayeilinda nyumba kwa namna hii amesahau mlango wa nyuma.

Watu wa mikoa ya kusini wanaelewa hoja hii bila kuelezwa mara mbili. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikuwa kitendawili. Mvua ikinyesha, magari yalipanga foleni yakingoja kivuko cha Ndundu, na mtu alilala njiani usiku mmoja, miwili, mpaka akapoteza hesabu. Wapo waliosema wakati ule kwamba hakuna haja ya daraja kwa sababu magari ya kwenda kusini ni machache. Magari yalikuwa machache kwa sababu hakukuwa na daraja. Mto Rufiji haukupungua upana, wala Lindi haikusogea. Na kimbunga Hidaya kilipoikata barabara hiyo mwezi wa Mei 2024, tuliona kwa siku zile chache jinsi ambavyo mji ulio karibu unaweza kurudi kuwa mbali.

Huenda msomaji akauliza, mkulima wa Newala au Nachingwea ana haja gani na Dakar? Ana haja ya korosho. Mikorosho imestawi kwetu, na imestawi vile vile Kodivaa, Guinea-Bissau, Benin, na katika jimbo la Casamance kusini ya Senegal. Mavuno yetu ni kuanzia Oktoba hadi Januari. Mavuno ya Afrika Magharibi ni kuanzia Februari hadi Juni. Sehemu kubwa ya korosho zote hizi huuzwa ghafi na kubanguliwa India na Vietnam. Maana yake ni kwamba mnunuzi anayeketi kwenye mnada wetu mwezi wa Novemba anaweza kuwa ndiye huyo huyo atakayeketi Afrika Magharibi mwezi wa Machi. Yeye anajua alinunua bei gani hapa na atanunua bei gani kule. Anajua wapi mzigo umepungua na wapi umefurika. Muuzaji wa hapa na muuzaji wa kule hawajuani hata kwa sura.

Hawagombani, maana misimu yao haiingiliani. Wangeweza kusaidiana kama watu wa zamu mbili katika kiwanda kimoja: huyu akimaliza, amwachie mwenzake habari za soko. Upo umoja wa korosho wa Afrika, ulioanzishwa mwaka 2006 na wenye makao yake Accra, na ni jambo la heri. Lakini chama cha ushirika cha msingi hakiwezi kumtuma katibu wake Ziguinchor kuangalia namna wenzake wanavyobangua, ikiwa safari yenyewe itakula siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, na nauli ya kupitia bara jingine. Mumbai, iliyo kilomita 4,700 kutoka Dar es Salaam, shirika letu lilianza kwenda moja kwa moja mwaka 2019, na tulipongeza. Tulipongeza kwa haki, kwa kuwa wateja wetu wako huko. Ila tumejenga njia ya kumfikia mnunuzi kabla ya kujenga njia ya kumfikia muuzaji mwenzetu, na katika biashara mpangilio huo humfaa mnunuzi.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara inayohusika na usafiri, na wale wanaokaa kuandika mikataba ya anga kwa niaba yetu, waupange upya utaratibu wa madai yao. Waanze na Lagos, au Accra ikiwa Lagos itakuwa ngumu, na katika mkataba huo uhuru wa tano uwe ndio sharti la kwanza, usiwe nyongeza ya ukurasa wa mwisho. Wenzetu nao wapewe haki hiyo hiyo Dar es Salaam, waweze kuendelea mpaka Comoro au Bukini wakitaka. Anayeomba bila kutoa hapewi. Katika miaka ya mwanzo ada za kutua na tozo za kiwanja kwa njia kama hizi zipunguzwe, kwa maana ndege isiyokuja hailipi ada yoyote. Na hata kabla ya ndege yetu kufika huko, mashirika mawili ya Kiafrika yanaweza kukubaliana juu ya tiketi moja na ratiba zinazokutana, ili abiria atakayeshuka Addis Ababa au Lagos asikute ndege ya kumchukua imekwisha ondoka saa moja kabla.

Kiwanja cha Dakar, kilichopewa jina la Blaise Diagne, Mwafrika mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la Ufaransa mwaka 1914, kilifunguliwa tarehe 7 Desemba 2017. Jengo la tatu la abiria katika kiwanja chetu cha Julius Nyerere lilifunguliwa mwaka 2019. Mabenchi yako tayari kote kuwili. Msimu wa korosho wa Afrika Magharibi huanza Februari, na kikao cha mkataba chaweza kuitishwa kabla ya hapo.